Mizani Yenye Mshikio: Kitambi Kimepata Mpelelezi

Vuta mshikio kwanza. Kabla ya betri, kabla ya simu, kabla hata ya kubandua ile nailoni iliyolala juu ya kioo, vuta mshikio uone waya unavyochomoka tumboni mwa mizani, laini, bila kukwama, mpaka ukufikie kiunoni. Kisha uurudishe taratibu. Unajikunja wenyewe, mshikio unashuka na kunasa mahali pake: kap! Nimeuvuta mara zisizohesabika na bado mkono unawasha. Aisee, hiki ni chombo!

Na waya huo ndio habari yenyewe. Mizani za nyumbani zinazodai kupima mafuta, misuli na maji ya mwili zimejaa madukani miaka mingi sasa. Kariakoo zipo, Luthuli Avenue zipo, na mtandaoni ndiyo usiseme. Karibu zote ni kile kioo cha mraba chenye sehemu nne za kukanyagia. Zinapendeza, zinaongea na simu, zinakumwagia namba kedekede kwa mpigo, na ukitaka ukweli, kuanzia kiunoni kwenda juu zinabahatisha. Hii iliyoko sakafuni kwangu ina sehemu nane za kugusa: nne za nyayo, nne za viganja. Mambo hayo tulizoea kuyaona jimu kubwa na kliniki za wenye bima nzuri, kwenye mashine ya kusimamia yenye mikono miwili, bei yake maelfu ya dola. Leo yamo ndani ya boksi jembamba unalolibana kwapani na kupanda nalo mwendokasi, na mtandaoni ukitafuta vizuri unalipata chini ya dola 100. Chini ya mia! Jamani!

Jina lililochapwa kwenye boksi sijawahi kulisikia na sidhani kama nitalisikia tena. Soko hili ndivyo lilivyo. Viwanda vichache vya China vinaunda mizani moja, kisha inavishwa majina chungu nzima, kila muuzaji na lake. Usihangaike na jina, tazama programu unayoambiwa uipakue kwenye simu. Ukikuta kitabu cha maelezo kinakutuma kwenye Fitdays au OKOK, basi umeshajua ukoo wa mizani yako, hata kama kwenye kioo imeandikwa kitu kinachofanana na jina la dawa ya meno.

Sasa tuingie ndani, maana hapa ndipo raha ilipo. Ukisimama na kushika mshikio, mizani inapitisha umeme mwilini mwako. Ni kidogo mno, chini ya miliampea moja, husikii lolote. Unabadilika mwelekeo maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde; masafa yaliyozoeleka kwa vyombo hivi ni kilohezi 50. Misuli imejaa maji yenye chumvi, kwa hiyo umeme unapita kwa urahisi. Mafuta yana maji machache, yanaukinza. Mizani inasoma ukinzani huo, inachukua urefu wako uliouandika kwenye simu, inauzidisha kwa wenyewe, inaugawanya kwa ukinzani, na hapo inapata kadirio la maji. Kwa kuwa sehemu ya mwili isiyo mafuta huwa na maji kama asilimia 73, kutoka kwenye maji inahesabu nyama, na kinachobaki kwenye uzito wako kinaitwa mafuta. Yaani mafuta yako hayajapimwa hata kidogo! Yamepatikana kwa kutoa. Mimi jambo hilo linanifurahisha kila nikilifikiria, kwamba namba inayowanyima watu usingizi ni chenji tu ya hesabu ya maji.

Mshikio unafanya nini hapo? Hesabu hiyo inauchukulia mwili kama bomba la maji: bomba refu na jembamba linakinza sana, fupi na nene linapitisha. Miguu na mikono ni mabomba membamba. Kiwiliwili ni bomba nene. Programu yangu ina ukurasa mdogo huko chini kabisa, watu wengi hawafiki, unaoonyesha ukinzani wa kila sehemu peke yake. Niliposhuka nikaufungua, nikapiga kelele. Mkono wa kulia, omu mia tatu na ushee. Mguu, mia mbili na ushee. Kiwiliwili, ambacho ndicho kimebeba kitambi chote na karibu nusu ya uzito wa mtu, omu ishirini na kitu tu! Katika ukinzani wa mwili mzima, kiwiliwili kinachangia asilimia 10 au hata pungufu. Sasa fikiria ile mizani ya vibati vinne. Umeme wake unapanda mguu mmoja, unakatiza nyongani, unashuka mguu wa pili. Tumboni haufiki. Namba ya kitambi inayokupa imetokana na miguu yako, umri wako, jinsia yako, urefu wako na nia njema ya mhandisi.

Ndiyo maana nimesema habari ni waya. Ukishika mshikio, umeme unaweza kutumwa mkono hadi mguu, mkono hadi mkono, mguu hadi mguu, na mizani ikasoma mikono miwili, miguu miwili na kiwiliwili, kila kimoja kivyake. Nyingi za kizazi hiki zinatumia masafa mawili: ya chini yanapita pembeni mwa seli, ya juu yanapenya hadi ndani, na tofauti kati yake inasaidia kukadiria maji yaliyo ndani na yaliyo nje ya seli. Kwenye sakafu ya sebule!

Nyumba nzima imeshapanda, bila shaka. Mpwa wangu fundi gereji alishika, akasubiri, na picha ya mwanasesere kwenye simu ikamwonyesha mkono wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa misuli. Akacheka akautunisha, huo ndio mkono wa spana. Shangazi yangu alipopanda, mizani ikagoma. Inapima uzito, halafu inaleta alama ya kosa.

"Shangazi, naomba upanguse nyayo kwa hiki kitambaa."

"Kwani imesema nini? Imesema mimi mchafu?"

"Hapana shangazi, ngozi ya nyayo ni kavu, umeme haupiti."

"Iambie haya ni magaga ya kilimo. Mimi sikukulia kwenye kapeti."

Akapangusa kwa kitambaa kibichi, akapanda tena, ikasoma palepale. Kwa hiyo wenye magaga, msijinyime: kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Mengine ya kimwili ni hayahaya. Mikono isiguse mbavu. Mapaja yasigusane, maana umeme hupenda njia ya mkato, na wenye mapaja yanayokutana wakunje kanga kavu waiweke katikati, isomeke sawasawa. Mizani iwekwe kwenye marumaru au saruji, kamwe si kwenye zulia wala mkeka, kwa kuwa uzito unasomwa na vyuma vidogo vilivyo kwenye miguu yake minne, navyo vinataka sakafu ngumu. Mjamzito asipimiwe mafuta hapa, na mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo asiikanyage kabisa. Hilo halina mzaha.

Kioo nacho kinastahili maneno. Ukikitazama kwa ubavu chini ya taa, utaona mabaka mapana yanayong'aa kidogo, rangi ya mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Hapo ndipo umeme unapotokea. Ni utando wa oksaidi ya indiamu na bati, mwembamba hadi unaona upande wa pili, na unapitisha umeme. Vibati vya chuma vya zamani vilikulazimisha upange nyayo kama askari kwenye gwaride. Utando huu umeenea, unakanyaga tu. Mshikio wenyewe ni plastiki nyepesi yenye vibamba vya chuma, viwili kila upande, kimoja cha kidole gumba na kimoja cha kiganja. Ningependa uwe mzito zaidi. Kitu kizuri hivi kisishikwe kama rimoti ya feni.

Tulikotoka ni mbali. Miaka ya 1960 huko Ufaransa, Thomasset alipima maji ya mwili kwa umeme akitumia sindano mbili zilizochomwa chini ya ngozi. Nani angekubali hilo kila asubuhi kabla ya chai? Baadaye vikaja vibandiko vya juu ya ngozi, ukilazwa kitandani na waya mkononi na mguuni. Kisha Tanita ya Tokyo, kampuni iliyokuwa ikiuza mizani za bafuni tangu 1959, ikasimamisha mgonjwa wima: mwaka 1992 ilitoa mashine ya kukanyaga inayopima mafuta, na mwaka 1994 ikatoa ya nyumbani. Hao Tanita ni watu wa ajabu. Kantini ya wafanyakazi wao ilisifika kwa chakula cha kujipimia hadi kitabu cha mapishi yake cha mwaka 2010 kikawa gumzo Japani nzima, na mwaka 2012 wakafungua mgahawa Marunouchi, katikati ya Tokyo. Kampuni ya mizani ina mgahawa!

Kuanzia hapo kila mmoja alishika kona yake. Omron, Wajapani pia, walipenda cha kushika mkononi, kisha wakaunganisha mikono na miguu. Huko Korea Kusini, Cha Ki-chul alianzisha mwaka 1996 kampuni ambayo leo tunaiita InBody, ile inayokuchapia karatasi jimu na mwalimu akakuzungushia kalamu nyekundu kwenye tumbo. Wafaransa wa Withings walileta mizani ya Wi-Fi mwaka 2009, na Januari 2022, wakati wa maonyesho ya teknolojia ya Las Vegas, wakatangaza Body Scan: mshikio wa kuvuta, skrini ya rangi, mafuta na misuli kwa kila kiungo, na juu yake kipimo cha umeme wa moyo. Iliingia sokoni Marekani kwa takriban dola 400. Nilitazama picha zake nikameza mate. Xiaomi kwa upande wao waliushusha mchezo mzima mpaka kwa mtu wa kawaida, kioo cheupe kisafi, bei ya jozi ya viatu vya shule. Mizani yangu isiyo na ukoo imeokota mshikio kutoka kwa hawa, bei kutoka kwa wale.

Kwa nini sasa hivi? Sababu moja kubwa ni sindano za kupunguza mwili, semaglutide na tirzepatide, zinazovuma kuanzia Marekani hadi Ghuba. Mtu anapungua kilo kwa kasi, na sehemu ya kilo hizo ni misuli. Mizani ya kawaida haiwezi kumwambia amepoteza kipi. Ghafla swali la "nina kilo ngapi" limezeeka, na kampuni zote za mizani zinakimbilia kuuza jibu la "kilo za nini". Na sisi wa jimu za mtaani, wa kunyanyua saruji iliyomiminwa kwenye makopo, tumekuwa tukiuliza hilohilo siku zote. Kipimo cha BMI, ambacho mzizi wake ni Quetelet wa Ubelgiji wa karne ya 19 na jina lake lilipewa na Ancel Keys mwaka 1972, kinamwita mbeba mizigo wa sokoni mnene sawasawa na karani wa ofisi mwenye kilo na urefu uleule. Mwekee mshikio mkononi uone tofauti!

Hebu nipoe kidogo niseme namba zipi ninaziamini. Uzito, asilimia mia. Ukinzani wa kila kiungo, naam, huo umepimwa kweli. Misuli ya miguu na mikono, vizuri sana. Mafuta ya jumla, kama mwelekeo wa wiki kwa wiki. Mafuta ya ndani ya tumbo, hapo kuna kituko. Tanita wanayapanga kwa ngazi 1 hadi 59 na kukuambia hadi 12 uko salama. Omron wanapanga 1 hadi 30 na ukivuka 9 wanakuonya. Kwa hiyo mwenye 11 kwenye mizani moja anakula pilau kwa amani, na mwenye 11 kwenye nyingine anaitwa pembeni. Ngazi hizo ni za kampuni, na hakuna mizani inayoyaona mafuta hayo. Anayeyaona ni mwenye mashine ya CT. Na "umri wa mwili" ni burudani. Wangu nimeusoma kwa sauti mbele ya wageni, lakini burudani.

Ukitaka kuona hesabu ikifanya kazi kwa macho yako, fanya mchezo huu. Jipime, kisha ingia kwenye programu ujiongezee sentimita tano za urefu, jipime tena hapohapo. Mafuta yanabadilika! Umeme uliopita ni uleule, mwili ni uleule. Kisha kunywa nusu lita ya maji upande tena. Uzito umeongezeka nusu kilo, lakini maji bado yako tumboni, hayajafika kwenye misuli, ukinzani haujatikisika. Mizani inapiga hesabu na kuyaandika maji yako kwenye daftari la mafuta. Ukitoka mazoezini ngozi ikiwa moto, inakwenda kinyume, inakupendelea. Kumbe kazi yako ni kuinyima nafasi ya kuyumba: asubuhi, umeshatoka chooni, hujala, hujanywa, hujaoga. Ramadhani hesabu inasogea. Wakati mzuri ni ukiamka kabla ya daku, maana jioni mwili umekauka na mizani itakuongezea mafuta ambayo huna.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Hesabu za ndani ya mizani zilitengenezwa kwa kuwapima watu kadhaa kwa njia ya maabara, kama picha ya DEXA, kisha kulinganisha na umeme. Na kwa kuwa vyombo hivi vimekulia Japani, Korea, China, Ulaya na Marekani, sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wa hukohuko. Uzito wa mifupa na uwiano wa miguu na kiwiliwili hutofautiana kati ya watu na watu, kwa hiyo asilimia anayopewa Mnyiramba au Mjaluo inaweza kukaa juu au chini ya ukweli wake, na ikakaa hapo kila siku. Mwelekeo utaonekana vilevile: ukipungua, mstari utashuka. Ila usibishane na mtu wa Osaka juu ya nani ana asilimia ngapi.

Programu ndiyo sehemu iliyonichosha. Inataka barua pepe, inataka tarehe ya kuzaliwa, inataka mahali nilipo ndipo Bluetooth ishike, na lugha za kuchagua ni nyingi isipokuwa hii unayoisoma. Mwili wangu ni mali yangu, na sioni kwa nini kitambi kisafiri nje ya nchi kila asubuhi wakati mimi sijasafiri. Wapenzi wa Android wana bahati: ipo openScale, ya bure, msimbo wake uko wazi, inazungumza na mizani nyingi za Bluetooth na kuweka namba ndani ya simu yako tu. Mizani nyingi mpya za mshikio bado inaweza isizielewe vizuri. Za vibati vinne, Xiaomi zikiwemo, inazimudu kadhaa.

Basi ukienda dukani, nenda na simu yenye chaji na bando. Omba boksi lifunguliwe. Vuta waya mpaka mwisho; ukiwa umesimama wima na mikono imenyooka mbele ya mapaja bila kugusa mwili, usikuvute chini wala kukuinamisha, maana watu warefu huumbuka hapo. Vua soksi mbele ya muuzaji, jipime, shuka, subiri kidogo, jipime tena: uzito ukiruka zaidi ya gramu mia moja, mwambie alete nyingine. Kisha fungua programu utafute ukurasa wa viungo. Mkono wa kulia na wa kushoto zikitoka namba zilezile kabisa, kila mtu anayepanda, ujue hapo hakuna kipimo. Mrudishie boksi lake kwa heshima, duka la pili lipo mlango unaofuata.